Sahihi za Katikati ya Mto

Wiki jana Verlene Kubicek aliishikilia kaunta kwa mikono miwili ili asianguke.

Alikuwa ameingia ofisi ya karani wa kaunti ya Maddux akicheka, makaratasi ya sahihi kwapani, akiamini kwamba Chama cha Daraja kimeshapata nafasi yake kwenye karatasi ya kura ya Novemba. Ndipo Royce Tidwell, mwenyekiti wa Chama Kikubwa, akainuka kwenye benchi, akavua kofia kwa adabu zote, akasema ana pingamizi. Watu ishirini na sita waliotia sahihi, alisema, walipiga kura ya mchujo ya chama chake mwezi Machi. Na sheria haina mchezo: ukishapiga kura ya mchujo ya chama kikubwa, mwaka huo huruhusiwi kukitilia sahihi chama kidogo.

"Na wa kwanza kati ya hao," akamalizia Tidwell, "ni mumeo."

Verlene akageuka polepole. Alvin Kubicek alikuwa amesimama karibu na mtungi wa maji, anasoma tangazo la chanjo ya mbwa kwa makini kama anasoma wosia wa baba yake.

"Alvin."

"Naam, mpenzi."

"Ulipiga kura ya mchujo?"

"Kidogo."

"Kura inapigwaje kidogo, Alvin?"

Alvin akaliacha lile tangazo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kushika ndama, lakini mbele ya mkewe alijua kujikunja akatosha kwenye mfuko wa shati.

"Mimi nilikwenda kituo cha zimamoto kununua nyama. Si unajua siku ya uchaguzi wanauza nyama ya kuchoma kwa moshi? Nikaona foleni. Nikapanga. Mbele yangu yuko Delbert wa zimamoto, tukawa tunaongea habari za nyasi kavu. Nakuja kushtuka, mama mmoja ananidai kitambulisho. Nikajiuliza, tangu lini nyama inataka kitambulisho?"

"Ukatoka?"

"Ningetokaje na watu wamejaa nyuma yangu? Ningeonekana mshamba. Halafu binamu yako alikuwa anagombea usherifu..."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata Oleta Sifuentes, karani, mama mwenye miwani ya kamba na sura ya kanisani, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Lakini msimcheke sana Alvin. Maddux yote hufanya hivyo hivyo. Huko, sherifu hapatikani Novemba. Anayeshinda mchujo wa Chama Kikubwa hana mpinzani, kwa hiyo mwenye binamu, shemeji au deni la fadhila huenda Machi kupiga kura. Karibu kaunti nzima ilikuwa imejifunga mikono bila kujua, na kila mtu alirudi nyumbani na sahani yake ya nyama amefurahi.

"Oleta," Verlene akasema, "nikitoa hao ishirini na sita, nabakiwa na nini?"

"Unapungukiwa na ishirini na sita, Bi Verlene. Ulileta zinazotosha barabara, hukuweka akiba."

"Na dirisha linafungwa?"

"Saa kumi na moja."

Ukutani saa ilionyesha saa nane na ushei.

Tidwell akavaa kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, hilo liandikwe. Alikuwa akiuza matrekta, alikuwa akichangia misiba, na kila Krismasi alivaa ndevu bandia kuwagawia watoto machungwa. Lakini katika mambo ya chama alikuwa kama mbwa na mfupa.

"Bi Verlene, usinichukie. Tukimwachia kila mwenye hasira na shimo la barabarani awe chama, karatasi ya kura itakuwa ndefu kama shuka la kitanda. Lazima pawe na mlango."

"Mlango nauelewa, Bwana Royce. Wewe umeuingilia kwa sahihi ngapi?"

"Sisi hatuhitaji sahihi. Tulipata kura za kutosha uchaguzi uliopita."

"Kwa hiyo aliyeshiba jana anapewa sahani, mwenye njaa anaambiwa alete mashahidi."

"Mimi sikuitunga sheria."

"Hukuitunga. Unailalia tu, tena umejifunika."

Watu kwenye benchi wakasema "uuu" kama wako mnadani. Na kweli mnada ndio ulikuwa mdomo wa Verlene. Miaka mingi alikuwa mnadi ng'ombe, mwanamke pekee katika kazi hiyo Maddux nzima, na mtu akishindana naye maneno ilikuwa sawa na kushindana na bomba lililopasuka. Lakini leo maneno hayakuwa na faida. Zilitakiwa sahihi, na za watu ambao Machi hawakukanyaga kituo cha kura.

"Watafute wavivu," Tidwell akamshauri, akaketi tena, akakunja nne. "Sijui kama utawapata wameamka."

Verlene akatoka nje kama upepo, Alvin nyuma yake.

*

"Mpenzi, niseme kitu?"

"Usiseme."

"Ni kuhusu nyama."

"Alvin, nitakutia kwenye zizi nikuuze kwa kilo."

"Delbert alilalamika siku ile. Alisema nyama imebaki nyingi mno. Watu wa Palo Gordo hawakuja hata mmoja, na wao kila mwaka ndio wanaoimaliza."

Verlene akasimama katikati ya ngazi za mahakama, jengo ambamo ndimo ilimo ofisi ya karani.

Palo Gordo iko ng'ambo ya mto Tuerto. Daraja lilisombwa Februari. Kituo cha kura kiko upande huu. Kuzunguka kwa barabara ya juu ni safari ya saa moja na nusu, kwenda tu. Nani angezunguka hivyo kwa ajili ya binamu wa mtu?

"Alvin," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hawakupiga kura kwa sababu hawana daraja."

"Ndiyo."

"Na kwa sababu hawakupiga kura, wote wanaruhusiwa kutusainia."

"Ndiyo, mpenzi. Mimi ni mjinga, lakini kwa nyama sijambo."

Akambusu mdomoni pale pale mbele ya sanamu ya wanajeshi, kisha akampiga kofi la bega ili asijisahau. Neno lingine lilimchoma, akalinyamazia. Chama cha Daraja kilianzishwa kwa ajili ya Palo Gordo. Na yeye, kwa vile sahihi za upande huu alidhani zinatosha, hakuwahi kuwafuata.

"Tunavukaje?" akauliza.

"Lori halivuki. Mashua hatuna."

"Trekta?"

Alvin akakuna kidevu. "Trekta linaweza. Lakini lina kiti kimoja."

"Na mbele lina beseni."

"Verlene, lile ni la kubebea mbolea ya ng'ombe."

"Nimefanya kazi na ng'ombe maisha yangu yote. Hawajawahi kunitukana kama nilivyotukanwa leo. Twende!"

*

Kama ungekuwa ukingoni mwa mto Tuerto alasiri ile ungedhani umechanganyikiwa. Trekta jekundu linateremka kwenye maji ya kahawia, na mbele yake, ndani ya beseni la chuma lililoinuliwa juu, ameketi mama mnene mwenye gauni la maua, kofia pana kichwani, na makaratasi ya sahihi yamefichwa chini ya kofia yasilowe.

"Polepole, Alvin!"

"Napeleka polepole!"

"Huku ni kuanguka, siyo kwenda!"

Maji yakafika kwenye magurudumu makubwa. Yakapanda. Katikati kabisa ya mto trekta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza.



"Alvin?"

"Limekufa, mpenzi."

"Lifufue."

"Limekunywa maji."

Verlene akatazama nyuma: mbali. Akatazama mbele: mbali vilevile. Saa tisa na nusu, yuko hewani kama mayai kwenye tenga, na Royce Tidwell yuko mjini amekunja nne. Alihisi kilio kinakuja, na Verlene Kubicek hakuwa na desturi hiyo.

Ndipo akasikia gitaa.

Kwenye kona ya mto wakatokea watu. Walikuwa wengi, wazee kwa vijana, wamevaa nguo zao na wamelowa hadi kifuani, wanaimba, wanamwagiana maji, mmoja amebeba tikiti maji kichwani. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na siku hiyo watu wa Palo Gordo huingia mtoni wote wapate baraka ya maji. Wewe ukitaka kuwapata nyumbani unajisumbua.

Wakaliona trekta. Gitaa likasita.

Mbele yao alikuwa bibi mfupi, mkavu kama kuni, maji yamemfika kiunoni na sigara iko mdomoni. Huyo alikuwa Bi Herminia Longoria. Palo Gordo ina kanisa moja, duka moja na Bi Herminia mmoja, na vyote vitatu huheshimiwa sawa.

"Mnadi," akaita Bi Herminia. "Umeanza kujiuza mwenyewe?"

Mto mzima ukacheka.

"Nimekuja kwa ajili ya Chama cha Daraja, Bi Herminia!"

"Ala! Kumbe kipo? Sisi tulikuwa tunakisikia tu kama tunavyousikia mji wa Roma."

"Nahitaji sahihi zenu. Kabla ya saa kumi na moja. La sivyo chama hakimo kwenye karatasi ya kura."

Bi Herminia akavuta sigara, akaitoa, akautazama moshi unavyokwenda. Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye. Asingesema ndiyo, hakuna mkono ambao ungeinuka.

"Tukishasaini, mtatusahau?"

Verlene angeweza kusema mengi. Angeweza kuapa. Badala yake akajikuta anasema, "Nilishawasahau, bibi. Nilikusanya kule ambako ni rahisi. Ndiyo maana Mungu kaniweka kwenye beseni la mbolea."

 Kisha Bi Herminia akaanza kucheka, akacheka mpaka sigara ikaanguka mtoni, akapiga maji kwa viganja vyote viwili.

"Huyu hasemi uongo! Leteni mikono mikavu! Nani ana mkono mkavu?"

"Hapa, bibi, pana shati la mume wangu!" Verlene akapaza sauti. "Alvin, shuka. Wewe ni taulo."

Na Alvin akashuka, maji ya kiuno, akasimama pembeni ya beseni lililoshushwa usawa wa meza, na Palo Gordo ikapanga foleni ndani ya mto. Kila mtu alijifuta mikono mgongoni kwa Alvin, akachukua kalamu, akasaini mbele ya macho ya Verlene, maana sheria inataka mkusanyaji aone kila sahihi ikiandikwa. Na Verlene, akiwa sasa kwenye dunia yake mwenyewe, akafungua koo:

"Haya haya haya, naiona moja, naitaka mbili, mbili iko wapi, mbili yule mwenye masharubu, asante bwana, nani ananipa tatu, tatu kwa mama mwenye tikiti, umejiandikisha kupiga kura mama? Umejiandikisha! Machi ulipiga?"

"Ningepiga na nini, mapezi?"

"Hana mapezi, hakupiga, saini hapa mpenzi, naitaka nne, nne nne nne!"

Mzee mmoja alisaini akarudi nyuma ya foleni asaini tena, kwa vile alikuwa ameifurahia. Wakamfukuza.

Kisha akafika Nicanor Treviño juu ya farasi wake wa kijivu, mwanamume mpana, amevaa kofia nyeusi, akainama kutoka kwenye tandiko na kuikamata kalamu.

"Nicanor, Machi hukupiga kura?"

"Mimi?" Nicanor akajibu kwa fahari. "Mimi nilivuka na farasi! Maji hapa, shingoni! Nilikwenda kumpigia kura sherifu, ni kompadre wangu, baba wa ubatizo wa binti yangu. Mimi pekee Palo Gordo nzima!"

Verlene akamnyang'anya kalamu.

"Basi huruhusiwi."

"Vipi?"

"Aliyepiga kura kule hawezi kusaini huku."

"Mimi niliyehangaika kuliko wote ndiye nisiyeruhusiwa?"

"Ndivyo ilivyo."

Nicanor akavua kofia, akaiweka kifuani kama yuko mazikoni. "Sheria gani hii inayomwadhibu mtu kwa kwenda kupiga kura?"

"Nenda kamuulize Royce Tidwell."

"Nitakwenda," akasema Nicanor. Macho yake yakawaka. "Nitakwenda sasa hivi. Na wewe panda nyuma yangu, maana kwa hilo dude hufiki."

Verlene akahesabu haraka. Ishirini na tisa. Ya mwisho ilikuwa ya Bi Herminia, ambaye alitaka awe wa kufunga foleni kama padri kwenye maandamano. Akaikunja karatasi, akaisukuma chini ya kofia, akapanda farasi kwa kusukumwa na watu wanne.

"Na mimi?" Alvin akalia kutoka mtoni, shati limemganda mwilini.

"Wewe si unajua kupanga foleni? Panga!"

Farasi akakata maji.

*

Saa kumi na moja kasorobo, farasi wa kijivu akapanda njia ya mawe ya mahakama ya Maddux, akasimama ubavuni mwa sanamu ya wanajeshi, akakojoa bila haya. Verlene akashuka kama gunia.  Nicanor akamshika mkono mmoja, ukuta ukashika wa pili.

"Oleta! Usifunge!"

"Sijafunga, Bi Verlene. Njoo uape."

Akaapa kwamba kila sahihi ameiona kwa macho yake. Tidwell akasogea, akaligusa lile karatasi la juu kwa ncha ya kidole.

"Zimelowa."

"Wino upo?" Oleta akauliza.

"Upo, lakini..."

"Sheria inadai wino, Bwana Royce. Hainiambii nizianike."

Tidwell hakukata tamaa. Akaonyesha sahihi ya Bi Herminia. "Na hii? Hii ni kuku alipita."

"Hiyo naijua," akasema Oleta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Ndiyo iliyo kwenye cheti changu cha ubatizo. Bi Herminia ni mama yangu wa ubatizo."

Akaanza kupekua majina kwenye kompyuta. Jina moja, tik. La pili, tik.  Wakulima waliokuja kulipia leseni za mbwa walisahau mbwa wao.

"Huyu amehamia kaunti nyingine. Namtoa."

Verlene akafumba macho.

"Huyu hakujiandikisha kamwe. Namtoa."

"Nilimuuliza! Mwongo yule!"

"Huyu aliandika tarehe ya kuzaliwa ya mkewe. Namtoa."

Nicanor akatoa neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Oleta akaendelea. Tik. Tik. Akafika mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama yule angeweza kuwa mwigizaji.

"Zilizobaki ni ishirini na sita. Zinatosha, hakuna hata ya ziada." Akainua muhuri, akaugonga kwa nguvu iliyotikisa kikombe cha kahawa. "Chama cha Daraja kimo."

Kelele zilizofuata zilimfanya farasi kule nje ajibu. Nicanor alimkumbatia mtu asiyemjua. Alvin, aliyepewa lifti na lori njiani na ndiyo kwanza anaingia akichuruzika maji, alidhani ofisi inaungua, akakimbilia mtungi wa maji.

Tidwell alisimama peke yake. Kisha, na hili pia liandikwe, akampa Verlene mkono.

"Umenishinda kwa haki, Bi Verlene. Tutaonana Novemba."

"Tutaonana, Bwana Royce."

Akavaa kofia. Akageuka kuondoka. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

"Bwana Royce," Oleta akaita. "Na ile ya kwenu?"

"Ipi?"

"Hati ya wagombea wenu. Mwisho wake ni leo. Dirisha ni hili hili."

Wote wakatazama ukutani. Saa kumi na moja na dakika nne.

Tidwell akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa suruali. Uso wake ukapita rangi tatu kabla ya kutulia kwenye nyekundu. Siku nzima alikuwa anachimbua majina ya wenzake, na hati ya chama chake mwenyewe ilikuwa nyumbani juu ya jokofu.

"Aa," akasema, akajilazimisha kucheka. "Nitaileta Jumatatu. Kama kawaida."

Chumba kikapoa.

"Kama kawaida?" Verlene akauliza taratibu.

Oleta aliinamisha macho. "Mwaka juzi ililetwa Jumatano. Kabla ya hapo, sikumbuki vizuri. Hakuna aliyepinga, Bi Verlene. Anayeruhusiwa kupinga ni chama kingine kilichomo kwenye karatasi, na kile kikubwa kingine huku kwetu kililala zamani. Hakukuwa na mwingine." Akautazama muhuri, wino wake bado unang'aa. "Sasa yupo."

Akachukua kalamu.

"Lazima nikuulize. Chama cha Daraja kina pingamizi?"

"Kina!" akafoka Nicanor.

"Mfute, mpenzi," Alvin akanong'ona, maji yakimtoka masikioni. "Mfute kama alivyonifuta mimi."

Tidwell hakuwa na kicheko tena. Alikuja mpaka kwenye kaunta, akaushika ukingo wake pale pale alipokuwa ameushika Verlene mchana. "Bi Verlene. Siombi kwa ajili yangu. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni watu wetu. Watafika Novemba, wafungue karatasi, wasikione chama walichokipigia kura tangu babu zao. Wao wamekosa nini?"

"Watu wa Palo Gordo walikosa nini?"

Tidwell akaitazama kofia yake.

Verlene alijua ukimya ule. Ni ukimya wa mnadani, bei ikiwa imesimama na nyundo iko juu, watu wote wanautazama mkono wako. Neno moja tu, na Novemba Chama cha Daraja kingekuwa peke yake kwenye karatasi. Daraja lingejengwa kabla ya mvua. Neno moja. Na mtu kama Delbert, aliyekuwa mbele ya Alvin kwenye foleni, angefika na kukuta mlango umefungwa kwa sababu ya karatasi iliyosahaulika juu ya jokofu.

"Ninalo pingamizi," akasema.

Tidwell akafumba macho.

"Lakini naliweka mfukoni kwa sharti moja."

Akafumbua. "Sharti gani?"

"Oleta ataliacha dirisha wazi mpaka jua lizame. Wewe utaniletea sahihi ishirini na sita za watu ambao Machi hawakupiga kura. Hati yako ije pamoja nazo. Zikitosha, sikupingi. Na utavuka pale pale nilipovuka mimi."

"Palo Gordo?" Tidwell akasema. "Hao ndio tuliowaambia daraja lingoje!"

"Basi mtakuwa na la kuongea."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Tidwell alimtazama Oleta, na Oleta alikuwa anatazama dari. Alimtazama Nicanor, na Nicanor alikuwa ameshakwenda kumfungua farasi. Mwisho mwenyekiti wa Chama Kikubwa akaketi kwenye benchi, akashika kisigino, akaanza kuvua buti.

Simu ya ofisi ikalia.

Oleta akasikiliza, kisha akaufunika mkonga kwa kiganja. "Bwana Royce, ni kamishna. Anauliza kama jina lake limeshaingia kwenye karatasi ya kura."

Kamishna Dub Stoker, shemeji yake Tidwell, ndiye aliyelizuia daraja tangu Februari. Na watu wa Palo Gordo hawajawahi kumwona uso kwa uso.

Tidwell, buti moja mguuni na moja mkononi, akafikiri kidogo.

"Mwambie avae kaptula," akasema. "Tunakwenda wote."